Mimi Nisingerudi

Katika nyumba ile filamu ilikuwa haijaisha mpaka mzee azime runinga, aweke rimoti juu ya goti na kusema, "Maoni."

Alikuwa mkuu wa bohari maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alihamia sebuleni na vikao vyake. Kila Jumamosi alasiri, watu wakishakula na vyombo vikishaoshwa, aliketi kwenye kochi la mtu mmoja lililoikabili runinga uso kwa uso, na sheria zikaanza kufanya kazi. Hakuna kuinuka katikati. Hakuna kuuliza, "Huyu ndiye yule wa mwanzo?" Aliyepotea amepotea. Na mwisho kila mtu atoe neno lake, kuanzia mdogo kupanda juu, ili wadogo wasijifiche nyuma ya maneno ya wakubwa.

Filamu zilikuja kwenye flashi ambayo binti yake, kitinda mimba wa nyumba, aliijaza kwenye duka la simu la kona bila kuchagua sana. Ndiyo maana wiki moja walitazama mpelelezi wa kike akiruka mapaa, wiki iliyofuata vita, na nyingine nyumba yenye mizimu, ambayo mama mwenye nyumba aliitazama yote kwa jicho moja, la pili amelifunika kwa kipande cha pazia alichokuwa akikipinda. Mama alishona mapazia ya watu pale pale nyumbani, na mikono yake haikujua Jumamosi.

"Yule mpelelezi," binti alisema siku ile, "ametumbukia mtoni, amepigwa, amelala kwenye jalala, na nywele zimelala vilevile. Mimi sina neno jingine. Nataka kujua anapaka mafuta gani."

"Hayo si maoni, hayo ni manunuzi," mzee akasema. "Anayefuata."

Aliyefuata siku zote alikuwa mkwe. Alikuwa ameolewa na kaka wa binti yule, fundi wa majokofu, na hakuwa amemaliza hata mwaka katika nyumba ile. Wifi yake alimpachika jina la Miwani siku ya pili tu, kwa sababu alifanya kazi kwenye duka la miwani ilhali macho yake mwenyewe yalisoma mpaka mabango ya mtaa wa pili. Jina likashika. Hata mzee alilitumia akiwa amefurahi.

Mwanzoni Miwani alitoa maoni ya mgeni. "Imenifurahisha, baba." "Imenifundisha, baba." Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea mzigo uliokwisha hesabiwa. Kisha ikaja ile filamu ya vita, na yeye akasahau kuwa mgeni.

"Wamekufa wengi, baba, lakini hakuna hata mmoja tuliyemjua," alisema. "Nimeshindwa kumlilia mtu ambaye hata mwenzake hakuwahi kumuuliza kama amekula."

Mzee akamgeukia. "Hilo ni neno," akasema.

Miwani alilala na sifa ile, akaamka nayo, akaenda nayo kazini. Kwao walizaliwa wengi, na aliyesikika ni mwenye koo pana. Hapa alikuwa ameikuta nyumba ambamo mtu anaulizwa kwa zamu, na wote wananyamaza mpaka amalize. "Wewe ulinioa kwa sababu zako," alimwambia mumewe, "lakini mimi nitakaa hapa kwa sababu ya Jumamosi."

Mumewe alicheka. Yeye maoni yake yote yaliishia jikoni mwa filamu. Akiona jokofu kwenye picha, basi, hilo ndilo atakaloliongelea: mlango haufungi vizuri, injini ingekuwa inalia. Na mama, zamu yake ilipofika, alisema neno moja bila kuinua macho kwenye sindano. "Nzuri." Hata ile ya mizimu ilikuwa nzuri.

Basi ikaja Jumamosi ya yule mwanamke wa viatu.

Ilikuwa filamu ya nyumbani tu, isiyo na bunduki. Mume anaambiwa maneno ya uongo juu ya mkewe. Hamuulizi. Anamtupia nguo uani mbele ya majirani, mvua inanyesha, mke anaziokota moja moja na kwenda kwao. Baadaye uongo unajulikana kuwa uongo. Mume haendi kumfuata, anamtuma dada yake. Mke anarudi, na mlangoni anakuta viatu vya mume vimetupwa huku na huku. Anainama, anavipanga kimoja kando ya kingine, anaingia ndani. Muziki unapanda. Mwisho.

Mzee alizima runinga na kuchelewa kidogo kusema, kwa sababu alikuwa anafuta miwani yake kwa pindo la shati. "Maoni."

"Mimi sina hali," binti akasema, pua imeziba kwa kilio. "Pale kwenye viatu amenimaliza. Huo ndio upendo, jamani. Anayefuata."

"Mimi nisingerudi," Miwani akasema.

Alisema kwa furaha, kama mtu aliyeona kitu na ana haraka ya kukionyesha. "Hajaombwa radhi. Mume hata kuja hakuja. Yule mwanamke ni mjinga, na waliotengeneza filamu wamempigia muziki ili tusione kwamba ni mjinga."

Sindano ya mama ikasimama.

"Rudia," mzee akasema.

Miwani alidhani amempendeza. Akarudia, tena akaongeza. "Nimesema nisingerudi, baba. Na vile viatu ningeviruka."

Wifi yake alimkanyaga mguu, lakini kwa kuchelewa.

"Yaani," mzee akasema polepole, "mke aliyeolewa katika nyumba hii anakaa mbele ya mama mkwe wake na kutangaza kwamba siku akiudhiwa, akitoka ndiyo basi."

"Nimeongelea filamu, baba."

"Mdomo ni uleule. Futa kauli."

Miwani akatazama huku na huku. Mumewe alikuwa ameikodolea macho runinga iliyozimwa kana kwamba bado ina picha. Angeweza kuifuta. Ni kiasi cha kusema ulimi umeteleza, kila mtu angecheka na chai ingeletwa. Alifungua mdomo aseme hivyo, na akajisikia anageuka tena kuwa mgeni.

"Siwezi kuifuta, baba," akasema. "Ndiyo niliyoiona."

Mama akainuka. Akaliacha pazia kitini, sindano ikining'inia kwenye uzi, akaingia chumbani na kufunga mlango. Katikati ya kikao. Haikuwahi kutokea, na mzee hakumzuia.

"Umeona," akamwambia Miwani. "Jumamosi ijayo hakuna filamu, na Jumapili yake nitamwita shangazi yenu. Mbele yake utasema umekosea. Ukishindwa, basi siku watu wakikaa hapa, wewe utajitafutia kazi ya kufanya chumbani kwenu."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kilichomuuma Miwani zaidi ya adhabu kilikuwa mama. Alimpenda mama yule, aliyempa ufunguo wa kabati la sahani siku alipofika bila kumwambia atunze. Sasa walipishana jikoni kama watu wa nyumba mbili. "Chumvi iko wapi?" "Hiyo hapo." Kisha mama anarudi kwenye cherehani yake, na cherehani inaunguruma mpaka mtu hawezi kuuliza kitu.

Kazini Miwani alikaa nyuma ya duka, kwenye mashine ya kusaga lenzi, akizikata zilingane na fremu. Mbele yake, nyuma ya pazia jembamba, mpima macho aliwauliza wateja kwa sauti yake ya kubembeleza: "Hii, au hii? Ipi inaonyesha vizuri?" Na kila siku kulikuwa na mteja wa kujibu, "Unaonaje wewe, daktari?" Wengine waliitikia kila kitu kwa heshima. Wakiulizwa, "Hapa sawa?" wanasema sawa. Lenzi zinakatwa, miwani inafungwa, inachukuliwa kwa shukrani, na baada ya siku chache inarudishwa. Sehemu kubwa ya kazi ya Miwani ilikuwa kukata upya lenzi za watu wenye adabu.

Alipomsimulia mpima macho habari za kikao, yule bwana alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Ukoo unaitwa kwa sababu ya muvi? Dada yangu, sema umekosea, ule maisha."

Miwani aliinua fremu moja kutoka kwenye kisanduku cha zilizorudishwa. "Mwenye hii naye alisema anaona," akasema. "Jana kajigonga kwenye mlango wetu wa kioo."

"Lakini yule alikuwa na uwezo wa kusema kweli. Hakuna ambaye angemfukuza."

"Hata mimi sijafukuzwa. Nimeambiwa nichague."

Nyumbani, mumewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akisugua mikono yake yenye grisi kwa sabuni ya unga. Naye alikuja na lake.

"Ni neno moja tu, mke wangu. Nimekosea. Hata nusu dakika haifiki."

"Kama ni jepesi hivyo, liseme wewe."

"Mimi sikusema kitu."

"Ndiyo. Kwani wewe ulionaje? Zamu yako haikufika."

Akasugua kidole gumba kwa muda mrefu. "Niliona kama… yule mume alikuwa na miguu. Angeweza kwenda mwenyewe."

Miwani akaketi kando yake. "Sasa hilo si neno? Kwa nini hukulisema?"

"Zamu haikufika."

Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na machozi yakamlengalenga hapo hapo. "Sikuombi unipiganie," akasema. "Baba ni baba yako. Ila zamu yako ikifika, tafadhali usiongelee jokofu."

Jumapili shangazi akaja. Alikuwa dada mkubwa wa mzee, mkunga aliyestaafu, mwanamke wa mabega mapana aliyetembea na mto wake wa kukalia kwa sababu hakuamini makochi ya watu. Aliweka mto, akaukalia, akavua viatu.

"Nimeacha usingizi wangu wa mchana," akasema. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, dada. Ni mkwe. Ametoa maoni."

"Maoni ya nini?"

"Ya filamu."

Shangazi akamtazama mdogo wake kama anayetafuta homa. "Umenipandisha gari kwa ajili ya filamu?"

"Kauli yenyewe ni nzito, dada. Amesema…"

"Usinisimulie. Mimi sijawahi kusema mtoto yuko vipi kabla sijamshika. Washa niione."

Ikabidi watazame tena. Shangazi alijulikana kwa kukoroma kabla majina ya waigizaji hayajakwisha, na binti alikuwa amejiandaa kumtegea simu amrekodi. Lakini hakulala. Nguo zilipotupwa kwenye mvua alisonya. Dada wa yule mume alipofika kwa wakwe na kuanza kubembeleza, shangazi alianza kusema, "Huyu naye ana maneno me…", akanyamaza, akaurekebisha mto wake, na hakusema tena kitu mpaka mwisho. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na dirisha. Leo hakuwa na kitambaa mikononi.

Mzee akazima. Hakusema "Maoni." Alisema, "Mkwe. Shangazi yako huyo hapo."

Miwani alisimama ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Nimefikiri wiki nzima," akasema. "Kuna neno moja nalifuta mwenyewe, kwa hiari yangu. Nilimwita yule mwanamke mjinga. Leo nimemtazama vizuri. Si mjinga, amechoka. Nilisema vibaya, na kama nimemgusa mtu mwingine kwa neno lile, namwomba radhi." Hakuthubutu kutazama dirishani. "Lakini mimi nisingerudi. Hilo silifuti."

"Hilo ndilo uliloitiwa," mzee akasema.

"Najua, baba."

"Basi umechagua mwenyewe. Mbele ya shahidi."

"Baba," mumewe akasema, "mimi zamu yangu ilirukwa."

"Sijakuuliza."

"Yule mume ana miguu. Angekwenda mwenyewe." Aliyasema haraka, kama mtu anayejimwagia maji baridi, kisha akakaa ameduwaa kwa alichokifanya.

"Mmepangana," mzee akasema. "Naona mmepangana chumbani mkaja kunicheza hapa."

"Zamu yangu," mama akasema.

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini hawakuizoea bila cherehani nyuma yake, wakageuka wote.

"Mimi nilirudi," akasema.

Akamwelekea mwanawe. "Wewe ulikuwa tumboni. Baba yako alininunia. Hakunipiga, hakunitukana, alinyamaza tu. Mvua zikaanza, mvua zikaisha, sijaambiwa kitu zaidi ya 'weka maji ya kuoga'. Mpaka leo sijui nilikosa nini. Nikaenda kwetu. Akaja huyu." Akamwonyesha shangazi kwa kidevu. "Akaongea, akaongea, mpaka mama yangu mwenyewe akanifungia mizigo. Nikarudi. Nafika mlangoni, mwenzangu yuko kitini. Unajua aliniambia nini? Akaniambia, 'Majani ya chai yamekwisha.'"

Mama akanyoosha pindo la khanga yake.

"Nikageuka, nikaenda dukani kununua majani ya chai."

Binti alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Shangazi alitazama vidole vya miguu yake. "Nami nilitembea nikijisifu," akasema kwa sauti ya chini. "Nikisema nyumba ile nimeiokoa mimi."

"Uliiokoa nyumba, wifi yangu. Sikatai. Mimi ndiye sikuulizwa." Mama akamgeukia Miwani kwa mara ya kwanza wiki nzima. "Uliposema mjinga, mwanangu, uliniumiza. Nilikata shauri nikuchukie. Nimeshona mapazia ya jengo zima nikijaribu kukuchukia, na chuki yenyewe imekataa kunikaa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekwisha. Kaa chini, utaanguka."

Miwani akakaa.

"Mbona hukuwahi kusema?" mzee akauliza. Aliuliza kwa uchungu wa kweli, kama mtu anayeonyeshwa ufa katika ukuta alioegemea miaka yote.

"Wewe huuliza maoni ya filamu, baba watoto. Hayo hukuyauliza."

"Ulitaka nikuambie nini siku ile?"

"Neno lilelile unalomdai huyu mtoto."

Mzee akafungua mdomo. Miwani aliona neno likifika mpaka nyuma ya meno na kurudi lilikotoka. Alimhurumia kwa moyo wake wote, na huruma ile haikumbadilishia mawazo hata kidogo.

"Si lazima iwe leo," mama akasema. "Kungoja nimezoea. Lakini usimdai mwenzako kitu ambacho kooni kwako hakipiti. Na Jumamosi huyu akikaa chumbani, mimi nitakaa naye. Tutatazama kwenye simu yake."

"Na flashi ni ya kwangu," binti akasema, "kwa hiyo itabidi nikae nao."

Mzee akainuka, akatoka uani. Walimsikia akifungua bomba. Maji yakatiririka kwa muda, yakafungwa, yakafunguliwa tena. Mume wa Miwani alimsogelea mkewe mpaka mabega yakagusana, mbele ya watu wazima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mzee akarudi uso umelowa. Akaketi. Hakusema amekosea, na hakusema mkwe aondoke. Alikaa tu mahali pake, mkubwa kuliko kochi lile, akiwatazama watu wa nyumba yake mmoja mmoja kama wamehama wakarudi wakiwa wengine.

Shangazi alijigeuza juu ya mto wake mpaka akamwelekea Miwani vizuri.

"Haya, wewe usiyerudi," akasema. "Wewe ungekwenda wapi? Maana kukataa ukiwa hapa penye paa ni rahisi. Mvua inakunyeshea, mizigo iko kichwani, kwenu wanakusukuma urudi. Nataka kujua. Sikutanii."

Miwani aliona kwamba kweli hatanii, na kwamba katika ukali wake wote wa wiki nzima hakuwa amejiuliza hilo.

"Sijui, shangazi," akasema. "Kwanza ningelia. Ningelia sana. Halafu nadhani ningeomba pa kulala kwa mtu wa kazini, siku chache tu, huku natafuta chumba. Sijui kama ningekipata. Na kama nina mimba sijui ningefanyaje. Labda ningemwandikia yule mume…"

"Umwandikie nini tena, wifi," binti akadakia, "si umesema humtaki?"

Mzee akainua kiganja, macho yake hayajamtoka mkwe.

"Mwache amalize," akasema.